Makanisa na migodi: kusali pamoja, kuhesabu pamoja

Nyuma ya siku ya tano inakuja siku ya posho. Wazee wetu wa kambi wanajua jina hilo lilitoka wapi: njo siku Union Minière ilikuwa inagawa posho kwa jamaa za wafanyakazi. Kesho yake ni siku ya yenga, siku ya kanisa. Huku Katanga, hata majina ya siku yanatukumbusha kwamba mgodi na kanisa ni jirani, ukuta kwa ukuta.

Posho ya kambi ilikwisha. Union Minière ikawa Gécamines, na mwaka 2003 Gécamines ikaachisha kazi watu zaidi ya 10 000, mu ile operesheni tuliyoambiwa ni « départ volontaire ». Masomo na lopitalo za kampuni zikapoteza nguvu. Migodi ikapata wenyeji wapya, wengine wa Ulaya, wengine wa China. Lakini yenga ilibaki. Ku Kolwezi, Likasi, Kipushi, Kambove, Fungurume, kila cité iko na Wakatoliki wake, Wametodiste wake, Garenganze, Wapentekote, Wakimbangu, makanisa ya uamsho, na msikiti pia. Asubuhi hiyo moja, dereva wa kamyo kubwa, kreuzeri, mama anayesafisha mawe mtoni, mlinzi wa mgodi na injinia wanakaa benchi moja. Sindika haiwezi kukusanya watu hawa wote kila juma. Chama cha siasa pia hakiwezi.

Basi sisi tunauliza: watu hawa wako na neno gani moja juu ya haki yao? Makanisa yakiungana juu ya mambo ya migodi, kunatoka matunda? Na yakiungana kwa mdomo tu, kunabaki nini? Tumeangalia nyuma, tumeangalia pia inchi zingine, na tumefungua sheria. Haya njo tuliyoyaona.

Zamani: kila kanisa na ukuta wake

Lazima tuanze na ukweli ambao hauko mtamu. Wakati wa ukoloni, Serikali, kampuni na misioni zilitembea mkono mu mkono. Ku kambi za Union Minière, misioni ya Wakatoliki njo ilikuwa inasomesha watoto, kwa makubaliano na kampuni. Mtoto alijifunza kusoma, na hilo ni jambo jema ambalo hakuna mtu atalikataa. Lakini alijifunza pia kutii, na baba yake vilevile.

Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, shaba ya Katanga ilikuwa inatafutwa sana, na bei ya vitu sokoni ilikuwa imepanda. Wafanyakazi wakasimamisha kazi, wakaomba mshahara uongezwe. Tarehe 9 Desemba, ku Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo, askari wakapiga bunduki juu ya watu waliokusanyika ku kiwanja cha mpira. Makumi ya watu walikufa. Katikati yao kulikuwa Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa jina la wenzake. Misioni haikusimama upande wa wagomaji. Ni vigumu kusimama mbele ya mtu anayelipa masomo yako.

Mu mji ule ule, mtu mwingine alikuwa mu gereza. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921 ku Bas-Congo, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta mbali na watu wake, huku Élisabethville, akakaa mu gereza miaka 30, mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa lililotoka ku jina lake leo iko na waumini mingi mu inchi nzima. Wakati ule, misioni nyingi zilimhesabu kama adui, hazikumhesabu kama ndugu anayeteswa.

Na Wakatoliki na Waprotestanti wenyewe? Walikuwa wanagombania vijiji. Masomo ya Wakatoliki yalipata msaada wa Serikali. Masomo ya misioni za Waprotestanti kutoka inje yalingoja mpaka nyuma ya vita kuu ya pili. Mu hali ya namna ile, nani angeenda kugonga mlango wa jirani yake ili wasimame pamoja juu ya mshahara wa mchimbaji?

Kutoka 1992: njia ikafunguka

Mlango ulianza kufunguka kwa mambo ya siasa. Mwezi wa Januari 1992, Serikali ya Mobutu ilifunga Conférence nationale souveraine, ule mkutano mkubwa wa inchi nzima. Tarehe 16 Februari, siku ya yenga, Wakristo wa Kinshasa wakatoka barabarani na matawi na misalaba mikononi, wakiomba mkutano ufunguliwe. Walei wa Kikatoliki njo walianzisha, Wakristo wa makanisa mengine wakatembea nao. Askari wakapiga bunduki, watu wakafa. Lakini mwezi wa Aprili mkutano ulifunguliwa tena, na askofu Laurent Monsengwo akaendelea kuuongoza.

Njia haikunyooka kutoka siku ile. Mwisho wa mwaka 2016, maaskofu wa CENCO walisimamia peke yao mapatano ya Saint-Sylvestre juu ya uchaguzi. Ku Desemba 2017 na miezi iliyofuata, walei wa Kikatoliki waliitisha maandamano, damu ikamwagika tena, na wapinzani wao wakasema: ni siasa ya Wakatoliki. Mwaka 2021, makanisa na dini nane zilizopaswa kuchagua mkubwa wa CENI hazikupatana: sita zikaenda upande mmoja, Wakatoliki na Waprotestanti wa ECC wakabaki upande mwingine. Tunasema hivi ili mtu asifikiri kwamba kuungana kunakuja tu kwa kuimba wimbo mmoja.

Lakini kutoka pale, CENCO na ECC wakazoea kufanya kazi pamoja. Ku uchaguzi wa Desemba 2023 walituma watazamaji wao mu misioni moja. Mwaka 2025, wakati vita ilichukua Goma na Bukavu, wakatoa Pacte social juu ya amani, na wajumbe wao, maaskofu na mapasta mu gari moja, wakaenda kuongea na pande zote, hata na wale wenye bunduki ku Goma. Kuko waliofurahi, kuko waliokasirika. Ila hakuna aliyeweza kusema: ni mambo ya Wakatoliki tu, ao ni mambo ya Waprotestanti tu. Njo faida ya kwanza ya kuungana: anayetaka kukunyamazisha anakosa jina la kukuita.

Mwaka ambao maaskofu waliuliza juu ya mikataba

Tuje sasa ku migodi. Nyuma ya vita, mikataba mingi ya madini ilikuwa imetiwa sahihi ginsi mtu anauzisha vitu vya nyumba usiku. Mwaka 2005, tume ya bunge iliyoongozwa na Christophe Lutundula ilitoa ripoti kali juu ya mikataba hiyo. Mwaka 2007, Serikali ikaanza kuangalia upya mikataba 61. Mwaka ule ule, maaskofu wa CENCO wakaunda tume yao juu ya utajiri wa udongo, ile tunaita CERN, ili Kanisa lifuate mambo ya madini, misitu na petroli kwa karibu.

Watu waliuliza: padri anatafuta nini mu mambo ya shaba? Jibu lilikuja pole pole. Mwezi wa Desemba 2022, kampuni ya Glencore ilikubali kulipa Congo dola milioni 180 ili kumaliza mashitaki ya rushwa. Miaka iliyohesabiwa mu mapatano yale ilianzia 2007, mwaka maaskofu walianza kuuliza, ikafika 2018. Haikuwa kazi ya makanisa iliyoleta feza hiyo. Ilitoka ku mambo ya sheria. Lakini inaonyesha kwamba swali lao halikuwa la bure.

Maji ya Luilu yanafika mpaka Uswisi

Glencore iko na makao yake makubwa ku Baar, mji mdogo wa Uswisi. Kule Uswisi, Wakatoliki wako na shirika lao, Action de Carême. Waprotestanti walikuwa na lao, Pain pour le prochain. Tangu mwaka 1969, mashirika hayo mawili yalifanya kampeni ya Kwaresima pamoja: ku paroisse za pande zote mbili watu wanakula chakula chepesi, wanatoa sadaka, wanajifunza juu ya maisha ya watu wa mbali.

Watu wa mbali, safari hii, walikuwa sisi. Mashirika hayo yalituma wachunguzi ku Kolwezi. Wakaongea na watu, wakaangalia mahesabu ya kodi, wakapima maji yaliyotoka ku kiwanda cha Luilu kuelekea mtoni. Mwezi wa Aprili 2012 wakatoa ripoti: maji yale yalikuwa na asidi kali. Kampuni ikajibu kwamba uchafu ule ni urithi wa zamani, tena kwamba imefanya kazi ili maji machafu yasiende mtoni. Mwaka 2014 mashirika yakarudi na ripoti ya pili, pamoja na shirika la Uingereza linaloitwa RAID, yakasema kazi ingali haijaisha.

Tuangalie vizuri walifanya nini. Hawakusema tu kwamba uchafuzi ni zambi. Walitaja mto, kiwanda na mwaka, wakachukua maji mu chupa. Kampuni ilipaswa kujibu juu ya maji yale, kwa sababu chupa ya maji haijibiwi na hotuba.

Kisha Wakristo wa Uswisi wakafanya jambo lingine. Pamoja na mashirika mengi ya raia, waliomba sheria ya inchi yao ibadilishwe, ili kampuni yenye makao Uswisi iweze kushitakiwa ku Uswisi ikivunja haki za watu ao kuharibu mazingira ku inchi zingine. Baraza la maaskofu wa Uswisi na Kanisa la Reformée la Uswisi, yote mawili, yakasema ndiyo. Paroisse kwa mamia zikaunga mkono. Ku minara ya makanisa kukapachikwa bendera za rangi ya machungwa. Wengine walikasirika, wakasema kanisa liache siasa. Ni neno ambalo hata huku kwetu tunalijua.

Tarehe 29 Novemba 2020 raia wakapiga kura. Ndiyo ikapata 50,7%. Lakini ku Uswisi, ili kubadilisha Katiba, haitoshi watu wengi waseme ndiyo. Lazima majimbo mengi pia yaseme ndiyo. Majimbo mengi yalisema hapana. Ombi likaanguka. Ikabaki sheria ndogo, iliyoanza kazi mwaka 2022, inayolazimisha kampuni kubwa kutoa ripoti, na kuangalia mambo ya madini ya vita na kazi ya watoto. Mwaka 2025 saini za ombi jipya zimepelekwa tena.

Mtu anaweza kusema: basi walishindwa. Sisi tunaona hivi: mwalimu mzee wa kijiji cha milima, ambaye hajawahi kufika Kolwezi, alikwenda kupiga kura juu ya maji ya Luilu, kwa sababu pasta wake na padri wa jirani walimwambia jambo moja. Hiyo haikuwahi kutokea. Na sisi tunaokaa kando ya maji yale, makanisa yetu yametuambia jambo moja?

Kusini: wakati wachungaji walipanda kilima

Wenzetu wa Afrika ya Kusini wameanza mbele yetu, maana migodi yao iko ya zamani na machozi yao pia. Mwaka 2001, kwa uongozi wa askofu mkuu Desmond Tutu, makanisa ya kule yaliunda Bench Marks Foundation, shirika la kuangalia kama kampuni zinatimiza zile ahadi nzuri zinazoandikwa mu ripoti zao. Lilifuata sana migodi ya platini karibu na mji wa Rustenburg: nyumba, maji, vumbi, kazi ya vijana wa kijiji.

Mwezi wa Agosti 2012, ku Marikana, wachimba platini walisimamisha kazi, wakakaa juu ya kilima kidogo. Tarehe 16, askofu Jo Seoka wa Anglikana, aliyekuwa mkubwa wa Baraza la Makanisa la Afrika ya Kusini na wa Bench Marks pia, akawafuata kule. Akasikiliza: wanataka mkubwa wa kampuni aje kuongea nao. Akapeleka neno lao kwa kampuni. Kampuni haikukubali. Saa chache nyuma, polisi wakapiga bunduki, wakaua watu 34.

Askofu hakuweza kuzuia kifo. Lakini mbele ya tume ya uchunguzi alikuwa shahidi ambaye hakuna aliyeweza kumtupa: alikuwepo, alisikia, alibeba ujumbe. Mkifananisha na Élisabethville ya 1941, mtaona tofauti. Bunduki ni zile zile. Ila safari hii kanisa lilikuwa juu ya kilima pamoja na watu.

Kuko jambo lingine la kule linalogusa kifua cha kila mchimbaji. Mwezi wa Agosti 2023, tume ya Haki na Amani ya maaskofu Wakatoliki wa Kusini mwa Afrika ilisaidia wachimba makaa, wale wa sasa na wale wa zamani, kupeleka kampuni mbele ya tribinali juu ya magonjwa ya mapafu yanayotoka ku vumbi. Mchimbaji mmoja anayekohoa hawezi kulipa avoka. Kanisa lilikusanya majina, likatafuta avoka, likasimama nyuma yao.

Tena kila mwaka, tangu 2010, juma ambalo wakubwa wa madini wa dunia wanakutana ku Cape Town, makanisa na mashirika yanafanya mkutano wao pembeni, Alternative Mining Indaba, ili watu wa vijiji vya migodi waseme na wao. Wakongomani wanaenda pia.

Feza zenu ziko mu sheria

Turudi nyumbani. Tarehe 9 Machi 2018 Kode ya migodi ilibadilishwa. Mu kode hii kuko mambo matatu ambayo kila jamaa inayokaa karibu na mgodi inapaswa kuyajua kama inavyojua bei ya unga.

La kwanza ni redevansi, malipo ambayo kampuni inatoa juu ya madini inayouzisha. Inagawanywa hivi: 50% inaenda kwa Serikali ya Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini, sekta ao shefri ambako mgodi uko, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tufanye hesabu ya mfano. Kampuni ikilipa redevansi ya dola 1 000 000, dola 150 000 ni za komini ao shefri yenu. Hazipitii Kinshasa kwanza. Sheria inasema zilipwe moja kwa moja.

La pili ni dotasyo: kila mwaka kampuni inatoa, kwa uchache, 0,3% ya mauzo yake yote kwa maendeleo ya watu wa karibu. Kampuni ikiuzisha vitu vya dola 100 000 000, dotasyo ni dola 300 000. Feza hiyo inaongozwa na kundi ambamo wajumbe wa kampuni na wajumbe wa vijiji wanakaa pamoja.

La tatu ni « cahier des charges », karatasi ambamo kampuni na wenyeji wanaandika: tutajenga kisima hapa, masomo pale, lopitalo mwaka fulani. Ni mapatano yenye nguvu ya sheria. Haiko zawadi.

Sasa ulizeni mu cité yenu: nani amewahi kuona karatasi hiyo? Nani anajua wajumbe wanaokaa mu kundi la dotasyo? Mwaka jana komini ilipokea redevansi ngapi, na ilinunua nini? Mahali pengi watu wanaona tu burgumestre ana gari mpya, wanacheka kwa uchungu, wanaenda zao. Hapa njo makanisa yanaweza kufanya kazi ambayo hakuna mwingine anaweza. Wakatoliki wako na tume za Haki na Amani. ECC iko na idara yake ya Haki, Amani na Ulinzi wa Uumbaji. Wote wawili wako na watu wanaojua kusoma na kuandika, wako na chumba cha kukutania, wako na kengele ya kuita watu. Wanakosa kitu kimoja: daftari moja.

Na ba-kreuzeri?

Kreuzeri anaweza kusema: mambo hayo ni ya watu wa kampuni, mimi sina kampuni. Kweli, hali yake ni ngumu zaidi. Sheria inamwomba awe na karte, awe mu koperative, na achimbe mu eneo lililowekwa kwa wachimbaji wadogo. Lakini maeneo yenye mawe mazuri mara nyingi yako mikononi mwa kampuni, kwa hiyo watu wanaingia usiku. Mwezi wa Juni 2019, udongo uliporomoka ku mgodi mmoja mkubwa wa Kolwezi, watu zaidi ya 40 wakafa. Baada ya maziko, askari walitumwa kufukuza waliobaki.

Maziko yale yalifanywa na nani? Na wachungaji. Kila kanisa lilizika watu wake. Fikirini kama makanisa ya mji mzima yangeandika pamoja kila maziko ya mtu aliyekufa mu shimo: jina, umri, mahali, tarehe, shimo la nani. Hakuna mtu mwingine aliye na hesabu hiyo kamili, maana wakati mtu anakufa mu shimo la wizi, wenye shimo wananyamaza na jamaa inaogopa. Lakini hakuna jamaa inayomzika mtoto wake bila kuita mchungaji. Orodha ile ingekuwa na uzito kuliko matamko kumi.

Ni hivyo pia ku mahali pa kuuzisha. Kila kreuzeri anajua uchungu wa metorex, ile mashini ya kupima nguvu ya jiwe, ambayo iko mikononi mwa mnunuzi. Anakuambia ni moja, unajua ni tatu, lakini utafanya nini na gunia mgongoni? Mzani wa pembeni, wenye kusimamiwa na watu wanaoaminiwa na pande zote, ni kitu ambacho koperative na makanisa yanaweza kuomba pamoja.

Kuko mfano unaoonyesha kwamba kazi ya kanisa inaweza kubadilisha maisha. Masista wa Bon Pasteur wanafanya kazi ku Kolwezi tangu mwaka 2013: watoto waliokuwa ku migodi wanasoma, mama wanajifunza kazi nyingine na kulima. Lakini masista peke yao hawawezi kumaliza kazi ya watoto mu migodi ya mji mzima. Mtoto anayeketi ku masomo yao na mtoto anayebeba gunia ng'ambo ya barabara, pengine wazazi wao wanasali makanisa mawili tofauti.

Vizuizi vinavyotoka ndani

Papa Francis alipofika Kinshasa, tarehe 31 Januari 2023, aliambia dunia iondoe mikono yake juu ya Congo na juu ya Afrika, kwa sababu Afrika haiko shimo la kuchimba tu. Watu walipiga makofi sana, na sisi pia. Lakini mikono mingine iko ya hapa hapa, na mingine iko ndani ya kanisa.

Kuna zawadi. Kampuni inatoa mabati, simenti, viti vya plastiki, wakati mwingine gari. Mchungaji anashukuru mbele ya watu, na kutoka siku ile ulimi unakuwa mzito. Hatusemi kila zawadi ni rushwa; paa linalovuja linahitaji mabati. Tunasema zawadi itangazwe mbele ya waumini, iandikwe ni ngapi na kwa sababu gani, tena isihesabiwe mu 0,3%, maana ile ni haki.

Kuna mashindano. Kanisa moja likiitisha mkutano, lingine linauliza nani atakaa kiti cha mbele. Kuna pia mahubiri yanayosema umaskini wote unatoka kwa wachawi wa ukoo. Mtu akiamini kwamba kikohozi chake ni cha bibi yake, hataomba kampuni barakoa ya vumbi.

Na kuna woga, ambao tunauheshimu, kwa sababu watu wamekufa. Njo maana kidole kimoja hakivunji chawa. Padri mmoja anaweza kuhamishwa, pasta mmoja anaweza kuitwa ku ofisi ya usalama. Barua yenye mihuri ya paroisse, ya Wametodiste, ya Garenganze, ya Wakimbangu, ya Wapentekote na ya msikiti, wataita nani?

Mwanzo wake ni mdogo

Ba baba na ba mama, hatuombi makanisa yaache kuhubiri yawe sindika. Kila kanisa libaki na wimbo wake na ubatizo wake. Tunaomba mu kila cité ya migodi watu wawili watatu kutoka kila kanisa, mwanaume na mwanamke, wakutane mara moja ku mwezi na daftari moja. Ukurasa wa kwanza, « cahier des charges »: nini kiliahidiwa, nini kimejengwa. Ukurasa wa pili, redevansi ya 15%: ngapi iliingia, ilitumiwa wapi, mahesabu ya malipo ya kampuni yanatolewa mu ripoti za ITIE, na kijana yeyote wa iniversite anaweza kuzisoma. Ukurasa wa tatu, waliokufa na walioumia ku kazi. Ukurasa wa nne, maji: rangi yake, samaki, mashamba ya kando.

Na kile kilichoandikwa kisomwe siku moja, mu makanisa yote, kwa maneno yale yale, mu Kiswahili ambacho kila mtu anasikia. Wazee wa 1941 waliuliza juu ya mshahara, na hakuna kanisa lililosoma majina yao. Wa leo wanauliza juu ya kisima, juu ya mapafu, juu ya mtoto aliyebaki mu shimo. Daftari la kuandika majibu linauzishwa ku kila duka. Wa kulifungua ni ninyi.